Mchezo wangu wa kwanza wa 2D: shujaa ananasa ukutani, na sijui kama niendelee kuandika kila kitu mwenyewe

Mwanagenzi

Habari zenu, wanajukwaa. Nimejifunza lugha ya Python kwa miezi saba hivi, nikiishia kwenye programu ndogondogo za kuhesabu na kupanga orodha, na sasa nimeamua kutengeneza mchezo wangu wa kwanza wa kompyuta. Ni mchezo wa 2D unaotazamwa kutoka juu, ambamo shujaa anapita chumba hadi chumba, anapigana kwa upanga, anaokota funguo na kufungua milango. Ninatumia maktaba ya Pygame, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa kwa ajili ya kutengenezea michezo. Kwenye daftari nimeshachora ngome nane, aina 40 za maadui na hadithi ya ufalme mzima. Kwenye kompyuta nina shujaa mmoja na kuta nne, na hao nao wananishinda.

Kila kitanzi kinapozunguka ninamsogeza shujaa pikseli 3. Kwangu mwendo wake unapendeza, lakini nilipompa dada yangu ajaribu kwenye kompyuta yake, shujaa alitimua mbio kama mwizi aliyeitiwa kelele. Tatizo la pili ni kuta. Nikibonyeza kitufe kimoja anasimama vizuri anapofika ukutani. Nikibonyeza viwili, kwa mfano kulia na juu, akiwa anauambaa ukuta wa kulia, ananasa palepale kana kwamba ukuta umepakwa gundi, ilhali njia ya juu iko wazi.

Rafiki yangu anasema kuandika mambo haya kwa mkono ni kupoteza wakati na kwamba nihamie kwenye injini ya michezo, yaani programu yenye zana hizi tayari. Naomba ushauri wenu, hasa kuhusu mpangilio: nianze na nini, nifuatishe nini?

FundiVigae

Ndugu Mwanagenzi, suala la injini nawaachia wenzangu. Nishike haya mawili yanayokutesa, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokufuata popote utakapohamia.

Mchezo ni kitanzi kinachorudia mambo matatu: kusoma vitufe, kubadili hali ya ulimwengu, na kuchora. Wewe umeufunga mwendo wa shujaa kwenye idadi ya mizunguko, wakati ulipaswa kuufunga kwenye muda. Kompyuta yako ikizungusha kitanzi mara 60 kwa sekunde, pikseli 3 kila mzunguko ni pikseli 180 kwa sekunde. Ya dada yako ikizungusha mara 144, pikseli zilezile 3 zinakuwa 432. Amua kasi kwa sekunde, tuseme hizo 180, kisha katika kila mzunguko uizidishe kwa muda uliopita tangu mzunguko uliotangulia. Katika Pygame, ukiita tick ya saa inakurudishia muda huo kwa milisekunde, nawe utaugawa kwa 1,000 ili upate sekunde.

Kuhusu kuta, nakisia kuwa unamsogeza shujaa kwa mlalo na kwa wima kwa pamoja, kisha ukikuta amegusa ukuta unamrudisha alikokuwa. Ndiyo maana ananasa. Alikuwa na haki ya kwenda juu, lakini kwa kuwa mwendo wa kulia ulikataliwa, umemnyang'anya na ule wa juu. Utenganishe mihimili hiyo miwili. Msogeze kwa mlalo peke yake, uangalie mgongano, urekebishe. Kisha umsogeze kwa wima, uangalie tena, urekebishe. Na unaporekebisha usimrudishe alikotoka, bali umbandike kwenye ukingo wa ukuta. Chukua mfano huu: ukingo wa kushoto wa ukuta uko kwenye 96, mwili wa shujaa una upana wa pikseli 12, na hatua ya kulia imeupeleka ukingo wake wa kushoto hadi 86. Ukingo wake wa kulia sasa uko kwenye 98, yaani ameingia ukutani kwa pikseli 2. Unauweka ukingo huo kwenye 96, naye anabaki kwenye 84, amegusana na ukuta bila kuuingia. Ukimrudisha alikotoka, wakati mwingine atasimama pikseli moja au mbili kabla ya ukuta, na mchezaji ataiona hiyo nafasi hata kama hataweza kuieleza.

Umeona nilivyosema mwili wa shujaa na si picha yake? Picha inaweza kuwa ya pikseli 16 kwa 16, lakini mstatili unaoupimia mgongano ufanye mdogo kidogo, tuseme 12 kwa 10, uukalishe miguuni. Kichwa chake kitaweza kuufunika ukuta ulio nyuma yake, jambo linaloleta hisia ya kina, naye ataweza kuingia kwenye mlango wenye upana wa kigae kimoja, yaani mraba mmoja wa ramani, bila mchezaji kuhangaika kulenga. Mwendo wa mshazari nao una mtego wake: ukijumlisha kasi kamili ya kulia na kasi kamili ya juu, shujaa anakwenda mara 1.414 ya kasi yake, kwa kuwa hicho ndicho kipeuo cha pili cha 2. Vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, zidisha kila upande kwa 0.7071.

Kalamu_na_Pikseli

Mimi niko upande wa rafiki yako, ila si kwa sababu aliyoitoa.

Injini kama Godot ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT inayoruhusu kuutumia na kuubadili, na ina tayari mwili wa mhusika unaojua kuuambaa ukuta bila kunasa. Haya ambayo FundiVigae ameyaeleza kwa aya nzima, pale utayapata kwa kuita fankisheni moja. Nilianza kama wewe, nikaandika mgongano wangu, kisha ramani yangu, kisha mfumo wangu wa kuchezesha picha, kisha programu yangu ya kuchorea ramani. Mwaka ulipokwisha nilikuwa na zana nzuri sana za kutengenezea mchezo, na mchezo wenyewe sikuwa nao. Anayetaka kujua jinsi mambo yanavyofanyika ndani aandike mwenyewe. Anayetaka watu waucheze mchezo wake achukue injini. Ni matamanio mawili tofauti, na wewe hujatuambia lako ni lipi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile ngome nane na maadui 40. Daisuke Amaya alitengeneza Cave Story peke yake, ikamchukua takriban miaka mitano hadi kuitoa mwaka 2004, na mchezo huo unachezwa ukaisha kwa saa chache. Kila adui unayemchora daftarini kwa dakika tano anadai picha za kutembea, za kupiga na za kufa, sauti, tabia, na siku nzima ya kumjaribu ili asinase kwenye pembe. Nakushauri uchore vyumba vitatu, adui mmoja, ufunguo mmoja na mlango mmoja, pamoja na mwisho. Mwisho usiusahau, hata ukiwa ni skrini tupu yenye neno "Umeshinda".

BiMtatuzi

Nakubaliana na vyumba vitatu, lakini kuhusu injini napingana na mwenzangu kwa sehemu. Mtu ambaye hajawahi kuandika mgongano hata mara moja, siku ambayo mhusika wake atapenya ukuta ndani ya injini hatajua hata pa kuanzia kutafuta. Atabadilisha namba moja moja kwa kubahatisha mpaka hitilafu ijifiche. Mwanagenzi amalize vyumba vyake vitatu kwa Pygame. Mchezo wa pili ndio auhamishie kwenye injini, na huko atakuta kila kifaa kinajieleza chenyewe kwa kuwa alishawahi kukihitaji.

Wala usisubiri michoro. Mwaka 1980 ulitoka mchezo wa Adventure, uliotengenezwa na Warren Robinett kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, ambao mara nyingi hutajwa kuwa mzazi wa aina hii ya michezo. Vyumba 30, majoka, funguo na makasri vyote vilienea ndani ya kilobaiti 4, na shujaa wake ni mraba. Mraba mtupu, wa rangi moja! Nawe weka mraba wa buluu kwa shujaa na mwekundu kwa adui. Kama kumkimbia huyo mwekundu hakusisimui, hakuna mchoro utakaokuokoa, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujatumia wiki tatu kuchora kofia yake.

Kuhusu mpangilio, kanuni yangu ni kufuatisha kile ambacho mchezaji anakifanya mara nyingi zaidi. Kutembea anakufanya muda wote, kwa hiyo tengeneza kutembea kwanza mpaka ukupende. Kupiga kunafuata. Milango na funguo ni baadaye, na hadithi ya ufalme iko mbali bado.

Vyumba viandike kama maandishi ndani ya faili, herufi moja kwa kigae kimoja. Usiviandike ndani ya msimbo. Mfano:

```
################
#......#.......#
#.U.S..L....A..#
#......#.......#
################
```

Alama ya reli ni ukuta, nukta ni sakafu, S ni mahali anapoanzia shujaa, U ni ufunguo, L ni mlango uliofungwa na A ni adui. Programu inasoma herufi, inazidisha safu na mstari kwa 16, na chumba kinajengeka. Uzuri wa njia hii ni kwamba unakiona chumba kwa jicho kabla ya kukicheza. Ukibadilishana U na A tu, ufunguo unakuwa nyuma ya mlango unaofunguliwa na ufunguo huohuo, na mchezaji amekwama milele. Kosa hilo linachekesha katika chumba kimoja. Katika ngome yenye milango sita huwa halionekani mpaka mtu mwingine aucheze mchezo.

Upana wa herufi 16 nao nimeuchagua kwa makusudi. Mchezo wa kwanza wa The Legend of Zelda, wa mwaka 1986, ulikuwa na vyumba vya vigae 16 kwa 11, kila kigae pikseli 16, yaani 256 kwa 176, na sehemu iliyobaki ya skrini ikawa ya mioyo na vifaa. Chumba kinachoenea kwenye skrini moja kinakuondolea kabisa kazi ya kamera. Kamera inayomfuata shujaa ni somo zima, nawe hulihitaji sasa.

Mwanagenzi

Nawashukuruni sana. Nimeketi nalo jioni mbili. Nimetenganisha mihimili kama alivyoelekeza Ndugu FundiVigae na gundi imekwisha: shujaa anauambaa ukuta hadi mwisho na kuingia mlangoni bila shida. Kasi nayo inalingana kwangu na kwa dada yangu. Bi Mtatuzi, nimekubali mraba wa buluu, ingawa kwa shingo upande.

Limezuka jambo jipya ambalo sikulitarajia. Tangu nilipoanza kuzidisha kasi kwa muda, shujaa anakwenda kushoto haraka kuliko anavyokwenda kulia, na juu haraka kuliko chini. Nimehesabu: kukivuka chumba kuelekea kulia kunachukua muda mrefu zaidi, tena kwa tofauti ya wazi. Msimbo wa pande zote ni uleule, isipokuwa alama ya kujumlisha na ya kutoa. Nimeusoma mara ishirini sioni kitu.

BiMtatuzi

Huoni kitu kwa sababu kosa haliko katika ulichoandika. Liko katika kile ambacho mstatili wa Pygame unakifanya kimyakimya: Rect inahifadhi namba nzima tu, na desimali yoyote unayoipa inaikata.

Fuatilia hatua moja. Shujaa yuko kwenye 100. Fremu, yaani mzunguko mmoja wa kitanzi, imechukua milisekunde 16, na 180 mara 0.016 ni 2.88. Akienda kulia, jumla ni 102.88; desimali inakatwa, anabaki na 102, amesogea pikseli 2. Akienda kushoto, jibu ni 97.12, desimali inakatwa, anabaki na 97, amesogea pikseli 3. Kulia ananyimwa karibu pikseli nzima, kushoto anaongezewa kidogo, na jambo hilo linajirudia mara 60 kila sekunde. Mwanzoni hukuliona kwa kuwa pikseli 3 kamili hazikuwa na desimali ya kukatwa.

Dawa yake ni kuweka mahali pa shujaa katika vigeu vyako mwenyewe (majina yanayohifadhi thamani) vya desimali, x na y, na kuuacha mstatili uwe nakala tu. Unajumlisha kwenye x, unaizungusha kwenye namba nzima iliyo karibu na kuipa Rect, unaangalia mgongano, na kama Rect imesukumwa na ukuta, ndipo unapoirudisha thamani yake mpya kwenye x. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kwao shujaa anaonekana amesimama ukutani kumbe x yake inaendelea kusonga ndani ya ukuta, na mara atatokea upande wa pili.

Kwa kuwa umeshafika hapa, nikuonye pia kuhusu fremu ndefu. Kompyuta ikizubaa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mshale wenye kasi ya pikseli 480 kwa sekunde utaruka pikseli 48 kwa hatua moja, nao ukuta wako una unene wa 16. Kabla ya hatua mshale uko upande huu, baada ya hatua uko upande ule, na hakuna wakati wowote ulipogusa ukuta. Ninachofanya mimi ni kuuchukulia muda kama deni. Kila fremu inaongeza deni la muda uliopita, nami ninalilipa kwa mafungu ya 1/60 ya sekunde, nikiendesha ulimwengu hatua moja kwa kila fungu mpaka kibaki kisichofika fungu zima, ambacho kinasubiri fremu ijayo. Mshale unakwenda pikseli 8 kila hatua, daima, kwenye kompyuta yoyote. Deni lenyewe liwekee ukomo, robo ya sekunde inatosha, la sivyo kompyuta dhaifu itakuwa inatumia muda mrefu kulipa kuliko ule inaoulipia, na mchezo utaganda. Mwendo wa mshazari bado utakuwa na desimali, pikseli 2.12 kila upande, kwa hiyo vigeu vya x na y unavihitaji hata hivyo.

Kalamu_na_Pikseli

Nikiri kwamba mwaka wangu wa zana ulinifundisha jambo hilohilo la Rect, na lilinichukua wiki mbili. Siondoi ushauri wangu kuhusu injini, walau kwa mchezo wa pili.

Mwanagenzi

Imekubali! Kushoto na kulia sasa ni sawasawa. Nimeongeza upanga, ambao ni mstatili mweupe unaotokea mbele ya shujaa kwa sekunde 0.2 kitufe kinapobonyezwa, na adui wa kwanza, konokono mwenye uhai wa 3. Ila konokono huyo anakufa kwa pigo moja. Nimempa uhai wa 10, bado anakufa kwa pigo moja. Nimempa 20, akapona, akabaki na 8.

FundiVigae

Hiyo 8 imejibu swali lako. Umetoa 12, na sekunde 0.2 kwa hatua 60 kila sekunde ni hatua 12. Upanga wako haumpigi konokono mara moja. Unampiga katika kila hatua ambayo mistatili miwili inagusana.

Kila pigo linapoanza, fungua orodha tupu ya waliokwisha kupigwa. Upanga ukimgusa adui, angalia kama yumo. Kama hayumo, mpunguzie uhai na umwandike. Kama yumo, mpite. Pigo likiisha, orodha inafutwa. Shujaa naye mpe kinga ya muda akiguswa na adui, karibu sekunde moja, huku mraba wake ukimetameta ili mchezaji aelewe kinachoendelea. Pasipo kinga hiyo konokono mmoja atamaliza uhai wote kwa kumkumbatia.

Na kabla hujaongeza kitu kingine chochote, mpe shujaa kigeu kimoja cha hali: ametulia, anatembea, anapiga, ameumia. Awe katika hali moja tu kwa wakati, na kila hali iseme yenyewe inaruhusu nini. Akiwa anapiga, vitufe vya mwendo visisomwe. Akiwa ameumia, upanga usitoke. Wanaoanza huwa wanaweka vigeu vya ndiyo na hapana, kimoja kwa kila tendo, na vikifika vitano shujaa anaweza kuwa anatembea, anapiga na kufa kwa wakati mmoja, nawe unabaki kuongeza masharti juu ya masharti. Pigo lenyewe unaweza kuligawa vipande vitatu: muda mfupi wa kuinua upanga, muda wa upanga kuumiza, na muda wa kurudi. Ukikirefusha kipande cha mwisho hata kwa sekunde 0.1 tu, upanga huohuo utahisi mzito mkononi, na mchezaji atalazimika kufikiri kabla ya kubonyeza.

Mwanagenzi

Orodha imefanya kazi. Konokono, niliyemrudishia uhai wa 3, anakufa kwa pigo la tatu. Nimejaribu sekunde 0.05 za kuinua, 0.1 za kuumiza na 0.15 za kurudi, na dada yangu, ambaye juzi alikuwa akibonyeza kitufe cha upanga bila kupumua, leo nimemwona anasubiri konokono asogee kwanza. Ameuliza pia kwa nini akitoka chumbani na kurudi, konokono aliyemuua yuko hai tena na mlango aliofungua umefungwa.

BiMtatuzi

Kwa sababu kila ukiingia chumbani unakisoma upya kutoka kwenye faili, na faili haijui kilichotokea. Usiibadilishe. Weka pembeni kamusi ya Python, yaani orodha ya majina na thamani zake, moja kwa ulimwengu mzima, yenye mambo yaliyobadilika tu, kwa mfano "chumba2_mlango1: wazi", na kila unapojenga chumba iulize kabla ya kuweka mlango au ufunguo. Kamusi hiyohiyo ukiiandika kwenye faili pamoja na mahali alipo shujaa na uhai wake, umeshapata uwezo wa kuhifadhi mchezo. Milango na funguo viingie humo bila mjadala. Konokono ni uamuzi wako: akibaki amekufa, vyumba vya nyuma vitakuwa vitupu na safari ya kurudi haitakuwa na tishio, akifufuka, mchezaji atalipa kila anapopotea njia. Mjaribu dada yako kwa namna zote mbili, ukae nyuma yake bila kumwelekeza.